AFYA YA JAMAA: Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Msemo huo wawafaa sana watu waliopasuliwa moyo. Jamaa wamwonapo mgonjwa wao ametolewa katika chumba cha upasuaji akiwa hai, kifua kimeshonwa na kufungwa bandeji, hudhani kwamba vita vimekwisha. Kumbe vita vimehamia uwanja mwingine. Saa zile za kwanza, na siku mbili tatu zifuatazo, moyo uliotengenezwa huwa mchovu kuliko ulivyokuwa kabla ya kutengenezwa. Ndipo dawa chache, ziingiazo mwilini kidogo kidogo, hushika zamu ya lindo.

Ichukuliwe kwa mfano familia moja ya Kyebando, upande wa kaskazini wa kilima cha Mulago, jijini Kampala. Baba ni koplo wa polisi. Mama huuza mboga katika soko la Kalerwe. Binti yao ana umri wa miaka 13 na uzito wa kilo 40. Familia ya namna hiyo si ngeni katika kambi na mitaa ya Afrika Mashariki, na mkasa wake waweza kumpata askari yeyote mwenye watoto.

Alipokuwa mdogo, binti huyo alipatwa na mafindofindo mara kwa mara. Alisukutua maji ya chumvi, koo likapoa, mambo yakasahauliwa. Baadaye goti lilivimba, likapona, kisha kifundo cha mguu kikavimba, nacho kikapona. Watu wakasema ni mifupa inayokua. Miaka ikapita. Akaanza kuhema akitoka kisimani na ndoo ya maji, kisha akawa hawezi kulala bila kuinuliwa kwa mito mitatu. Alipopimwa moyo, ilionekana kwamba kilango kimoja cha upande wa kushoto kilikuwa kimekunjamana, damu ikirudi nyuma kila moyo unapopiga.

Maradhi hayo chanzo chake ni homa ya baridi yabisi. Vijidudu hushambulia koo, na mwili hutoa askari wake wa kinga kuwapiga. Lakini kwa baadhi ya watoto askari hao hukosea shabaha. Wakisha kuwapiga vijidudu huwageukia wenzao, yaani viungo vya mwili na vilango vya moyo. Viungo hupona, bali vilango hubaki na makovu.

UPASUAJI ULIPOANZA KUFANYIKA NYUMBANI

Zamani, mgonjwa wa namna hiyo nchini Uganda alilazimika kusafirishwa ng'ambo, na asiyekuwa na mfadhili alingojea siku yake. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988 huko Mulago, na mwaka 2007 ilianza kufanya upasuaji wa kufungua moyo. Mwaka 2016 sheria ya Bunge ikaifanya kuwa chombo kinachojitegemea. Kwa jirani, Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Mtoto wa Kyebando leo aweza kubadilishiwa kilango cha moyo umbali wa mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwao.

Upasuaji huo hauwezekani bila moyo kusimamishwa. Mwaka 1953, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, daktari John Gibbon alifaulu kwa mara ya kwanza kumpasua mgonjwa huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Tangu hapo njia ni ile ile. Damu huelekezwa kwenye mashine, mshipa mkuu hubanwa, na moyo humiminiwa maji ya baridi yenye madini ya potasiamu mpaka unanyamaza. Daktari hufanya kazi yake, kisha damu hurudishwa na moyo huanza kupiga tena.

Kwa mtu mzima, moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, nao husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Kiungo kisichojua likizo kinaponyimwa damu kwa saa nzima au zaidi, hakiamki kikiwa na nguvu zake zote. Misuli yake huwa hai lakini imeduwaa, mithili ya mlinzi aliyepigwa kichwani. Yupo kwenye lindo, bunduki anayo, ila hajaweza kuinyanyua. Kwa kawaida nguvu za moyo hushuka zaidi ndani ya saa 12 za kwanza baada ya upasuaji, kisha hupanda polepole siku moja au mbili zifuatazo. Muda huo wa kushuka ndio mto ambao mgonjwa lazima avushwe, na dawa ndizo mtumbwi wake.

DAWA ZENYEWE NA KAZI ZAKE

Adrenalini ndiyo kongwe. Mwili wenyewe huitengeneza mtu anaposhtuka au anapokimbia hatari. Mtaalamu wa Kijapani, Jokichi Takamine, alifaulu kuitenga ikiwa safi mwanzoni mwa karne ya 20. Huufanya moyo upige kwa nguvu na kwa kasi.

Dobutamini ilitengenezwa na wataalamu wa Marekani katika miaka ya 1970. Walitaka dawa itakayouongezea moyo nguvu bila kuukimbiza sana na bila kuibana mno mishipa.

Noradrenalini kazi yake kubwa ni kuibana mishipa iliyolegea, ili msukumo wa damu usianguke.

Milrinoni hufuata njia nyingine. Huutia moyo nguvu na wakati huo huo huilegeza mishipa, hivyo moyo husukuma damu katika njia pana isiyo na kizuizi kikubwa. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 238 waliopasuliwa moyo. Miongoni mwa wale waliopewa maji matupu, karibu 26 katika kila 100 walipatwa na udhaifu wa moyo baada ya upasuaji. Miongoni mwa waliopewa milrinoni kwa kipimo kikubwa, walikuwa kama 12 tu katika kila 100.

Jamaa wengi hudhani kwamba dawa mpya na ya bei kubwa ndiyo bora. Mambo hayako hivyo daima. Dawa iitwayo levosimendani ilisifiwa sana, lakini mwaka 2017 uchunguzi mkubwa wa aina mbili, uliofanywa kwa mamia ya wagonjwa waliopasuliwa moyo, ulionyesha kwamba haikupunguza vifo kuliko matibabu ya kawaida. Mzazi asiuze kiwanja kutafuta dawa ambayo daktari hakuiagiza.

Vipimo vya dawa hizi ni vidogo ajabu. Binti wa kilo 40 akipewa dobutamini ya kiasi cha kati, atapokea miligramu 12 kwa saa. Dawa hiyo ikichanganywa kama ifanyikavyo mara nyingi, miligramu 250 katika mililita 50, kiasi chake kitakuwa mililita 2.4 kwa saa, yaani chini ya nusu ya kijiko cha chai. Ndiyo sababu hupitishwa kwa pampu ya umeme isukumayo bomba la sindano polepole, kupitia mpira uliotiwa katika mshipa mkubwa wa shingo. Nguvu ya dobutamini na ya adrenalini hupungua kwa nusu ndani ya dakika mbili au tatu tu zikikatika. Kwa hiyo muuguzi huandaa bomba la pili kabla la kwanza halijaisha, na pampu huwa na betri ili umeme ukizimika dawa isisimame.

USIKU WA KWANZA

Bibi wa mtoto alikuja kutoka kijijini Masaka. Aliporuhusiwa kuingia, akiwa amevaa vazi la hospitali na kunawa mikono, aliona pampu nne kando ya kitanda, kila moja ikiwaka taa ya kijani. Mjukuu wake alikuwa bado na mpira wa hewa mdomoni. Bibi akatikisa kichwa.

“Sista,” alisema, “mtoto amekwisha kupasuliwa. Hizi nne za nini tena? Mwili mdogo namna hii mtaujaza sumu.”

“Jjajja,” muuguzi akamjibu kwa upole, “moyo wake umefanyiwa kazi kubwa leo. Nao ni kama mzazi aliyejifungua usiku. Hatuwezi kumwambia asubuhi achukue jembe. Hizi zinamshikia kazi mpaka apate nguvu.”

Bibi akakaa. Aliuliza tena, “Na zikiondolewa?”

“Zikiondolewa ghafla ataanguka. Zikiondolewa polepole atasimama.”

Saa nane za usiku mkojo wa mtoto ulipungua. Mgonjwa wa uzito wake hutarajiwa kutoa kama mililita 20 hadi 40 kwa saa, naye alikuwa ametoa 10. Miguu ilikuwa ya baridi. Koplo, aliyekuwa akingoja barazani, aliitwa na kuelezwa. Alitaka kujua kwa nini daktari haongezi dawa upesi.

Jibu la swali lake lafaa kujulikana na kila mzazi. Dawa ya kuusukuma moyo si jibu la kila udhaifu. Kwanza daktari hujiuliza kama damu mwilini inatosha, kwani pampu isiyo na maji haivuti kitu. Pili, hutazama kama mapigo yana mpangilio. Tatu, huchunguza kama kuna damu iliyovuja na kukusanyika kuuzunguka moyo, ikiukaba usipanuke. Hiyo haitibiwi kwa dawa, bali kwa kurudishwa chumba cha upasuaji mara moja. Mambo hayo yakishaondolewa shaka, ndipo husemwa kwamba ni misuli yenyewe iliyo dhaifu, na dawa huongezwa.

Mtoto alipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Damu haikuwa imekusanyika. Kilango kipya cha chuma kilikuwa kikifunguka na kufunga vizuri, ila misuli ilikuwa imechoka. Milrinoni ikaongezwa kwa kiasi kidogo. Kulipopambazuka mkojo ulikuwa umerudi, na vidole vya miguu vimepata joto. Bibi alivigusa mwenyewe.

Lakini dawa hizi zina gharama yake mwilini. Mkulima wa Teso ajua kwamba maksai aliyechoka akichapwa mjeledi atavuta jembe mpaka mwisho wa mfereji, lakini akichapwa siku nzima ataanguka. Ndivyo ulivyo moyo. Dawa huufanya utumie hewa safi zaidi, na zaweza kuyavuruga mapigo yake. Adrenalini hupandisha sukari ya damu. Milrinoni yaweza kushusha msukumo wa damu, na hukaa mwilini kwa saa kadhaa, hasa figo zikiwa dhaifu. Noradrenalini ikizidi hunyima vidole damu. Kwa sababu hiyo madaktari hutumia kiasi kidogo kiwezekanacho, kwa muda mfupi uwezekanao.

Siku ya tatu dawa zikaanza kupunguzwa, moja baada ya nyingine, hatua kwa hatua, na baada ya kila hatua msukumo wa damu, mapigo na mkojo vikatazamwa. Siku moja kipimo kilirudishwa juu kidogo, mama akalia akidhani mtoto ameshindwa. Hakushindwa. Kikosi chenye busara hurudi nyuma hatua moja kikaona njia, kisha kikaendelea. Siku ya tano pampu ya mwisho ilizimwa.

NYUMBANI KYEBANDO

Walipomrudisha nyumbani, majirani walikuja na ndizi na maziwa. Mama alionyeshwa mfuko wa vidonge, na hapo ndipo lindo la familia lilipoanza.

Vidonge vya furosemidi hutoa maji yaliyozidi mwilini. Enalaprili hulegeza mishipa ili moyo ufanye kazi kwa wepesi. Digoksini, iliyotokana na mmea ambao tabibu William Withering wa Uingereza aliuandikia kitabu mwaka 1785, hupewa baadhi ya wagonjwa. Ikizidi huleta kichefuchefu, mapigo ya polepole na macho kuona rangi ya manjano. Dalili hizo hazingojewi, mgonjwa hupelekwa hospitali.

Aliyewekewa kilango cha chuma hupewa warfarini maisha yake yote, kwa kuwa damu hupenda kuganda juu ya chuma. Ikipungua, damu huganda, na bonge moja laweza kukikwamisha kilango au kupanda mpaka kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ikizidi, mtu hutokwa damu. Hivyo kipimo cha INR lazima kichukuliwe kila tarehe iliyoandikwa katika kadi. Mboga za majani kama dodo, nakati na sukuma wiki hazikatazwi, ila ziliwe kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki, kwa sababu zinapunguza nguvu za dawa hiyo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe dukani ovyo, wala dawa za mitishamba zisichanganywe nayo. Kabla ya sindano yoyote na kabla ya kung'oa jino, kadi ionyeshwe.

Miezi minne ilipita. Binti alikuwa akicheka na kupanda ngazi. Koplo akahamishiwa Moroto. Jirani mmoja akamwambia mama, “Mtoto huyu kapona, mbona bado mnamlisha vidonge?” Fedha zilikuwa chache, na siku ya kliniki ilikuwa pia siku ya mzigo sokoni. Mama akaacha kipimo kimoja, kisha cha pili. Vidonge vikatolewa siku moja na kurukwa siku ya pili, ili vidumu.

Koplo aliporudi kwa ruhusa aliomba kuiona kadi, kama alivyozoea kukagua daftari la zamu. Aliona mistari miwili mitupu. Hakugombana na mkewe. Asubuhi ile ile alimchukua binti yake wakaenda Mulago. Damu ilikuwa imeanza kuwa nzito kupita kiasi, lakini kilango kilikuwa bado kinafanya kazi. Dawa ikarekebishwa, na kipimo kikawekwa cha wiki iliyofuata. Daktari aliwaambia kwamba wamewahi. Mama alisikia neno hilo akafunika uso kwa leso.

Tangu siku hiyo kadi hutundikwa ukutani karibu na mlango. Baba akiwa Moroto hupiga simu jioni ya siku ya kliniki kuuliza namba iliyoandikwa. Bibi, ambaye hakusoma sana, ameijua namba hiyo kwa kichwa. Askari anayehamishwa yampasa afanye vivyo hivyo. Kabla ya kupanda gari ajue jamaa watapimwa wapi na lini, na dawa za siku ngapi zimebaki.

Liko jambo jingine ambalo mama atalazimika kumweleza binti mapema, bila kuona haya. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha bila ushauri kwaweza kumuua mama. Maradhi haya ya moyo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengi wao ni wa umri wa kuzaa. Msichana mwenye kilango cha chuma asishike mimba kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na akijikuta ameshika, asiache dawa wala kunyamaza, bali aende siku hiyo hiyo.

SILAHA YA BEI NDOGO

Dawa zote zilizotajwa, tangu adrenalini hadi warfarini, hutumika baada ya kilango kuharibika. Iko dawa ya kale iwezayo kuuzuia uharibifu huo usitokee au usiendelee, nayo ni penisilini. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao vilango vyao vilionyesha dalili za mwanzo, bila wao kujisikia wagonjwa, waligawanywa mafungu mawili na kufuatwa kwa miaka miwili. Fungu moja lilidungwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 4. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika fungu lililodungwa, maradhi yaliendelea kwa watoto 3. Katika fungu lisilodungwa, yaliendelea kwa watoto 33.

Hata aliyekwisha kubadilishiwa kilango huendelea na penisilini, kwa sindano au, kwa baadhi ya wagonjwa, kwa vidonge, kama daktari atakavyoamua. Vilango vingine bado ni vyake vya kuzaliwa, na vijidudu vya koo havijaondoka duniani.

Basi mzazi amwonapo mtoto ana koo linalouma pamoja na homa, ampeleke zahanati akaangaliwe. Akiona viungo vinavyovimba kimoja baada ya kingine, asiseme ni mifupa inayokua. Na jamaa wenye mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa wasihesabu siku alizotoka hospitalini, bali wahesabu vidonge vilivyobaki katika chupa.

Huko Kyebando binti amerudi shuleni. Usiku, nyumba ikinyamaza, mama husikia kilango cha chuma kikigonga taratibu kifuani mwa mwanawe kama saa ya mkononi. Mwanzo sauti hiyo ilimtisha. Siku hizi huisikiliza kwanza, ndipo akalala.